Mutumbwi Si Ule wa Harerimana

Baba Bushira,

Viazi iko kwa sufuria, kula. Mutumbwi ~~usinunue~~ tununue, lakini si ule wa Harerimana.

Jana ulisema mi sijui mambo ya ziwa. Leo asubuhi, we ukiwa bado unakoroma, nilishuka kuuangalia. Ni mwepesi kweli, tuliuinua mi na Harerimana tu. Lakini chini amepaka rangi mupya. Nikabonyeza na kidole, kikazama mpaka ndani! Ubao umeoza. Harerimana hata haya hana: "Mama, maji inaingia kidogo tu, ya kupoza miguu."

Bon. Jirani yake Libérata naye anauza wake, mwepesi vilevile, hauna rangi hata kidogo. Niliugeuza, nikagonga chini kote: mbao ni kavu, nguvu. Nikaupanda, nikapiga kasia mpaka mbali, nikacheka peke yangu kama kichaa. Ndala yangu moja imebaki kwa ziwa, usiulize.

Nimevuka Goma kuuza vitenge. We nenda umwambie Libérata tunauchukua, asimupe mutu mwingine.

Na pale nyuma, pa kuongoza, usikae. Ni pangu.

Mama Bushira