Yangu au Yako

Jumatatu, 5 Februari
Theluji imefika dirishani. Safi sana—hakuna wa kuja kunisumbua! Nimeanza kufungasha toleo jipya la seva ya barua pepe. Walioiandika wameigawa bure, kila mtu aichokonoe atakavyo. Kazi yangu ni kuifanya kifurushi, iingie kwenye mfumo wetu wa kompyuta kwa amri moja. Mipangilio yake ni msitu, lakini njia zake nazijua.

Marguerite, anayesimamia toleo kuu la mfumo, katukumbusha wafungashaji wote: mlango unafungwa Ijumaa, na kitakachobaki nje kitangoja miaka miwili. Nimemjibu changu kitatangulia. Majivuno? Haya, majivuno.

Jumatano, 7 Februari
Kinajengeka bila kikwazo. Limebaki moja tu: mtu aliyejirekebishia mipangilio asiporwe. Mali ya mtu haiguswi bila kumuuliza—hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza. Basi faili lake likionekana limebadilishwa, kifurushi kinauliza: YANGU AU YAKO? Akishachagua, lisilotakiwa linafutwa. Usafi! Wenzangu huandika maswali marefu kama hati za mahakama. Mimi, maneno matatu.

Ijumaa, 9 Februari
Kimeingia!! Marguerite kasema leo hana la kunikosoa. Nimekula maandazi mawili ya persian, sukari ya pinki mpaka kwenye ndevu.

Jumamosi, 10 Februari
Darlene kapiga simu, moto. Shemeji yangu huyu, dada wa mke wangu, ndiye anayetunza seva ya klabu yetu ya kutelezesha mawe barafuni. Mashindano ni wiki ijayo. Jana, bila kungoja kisambazwe kwa wote, kakiweka kifurushi changu kipya, na leo barua za timu hazimfikii mtu. Mipangilio yake ya misimu mitatu haipo.

Nikamwambia, shemeji, umechagua vibaya. Nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe.

"Nimechagua vibaya wapi? Kimeuliza yangu au yako, nikabonyeza yangu!"

"Yangu ni yangu mimi, mfungashaji!"

"Wewe nani? Nilikuwa peke yangu hapa na chai yangu, Arvo! Ulikuwa umejificha kwenye birika?"

Lo! Anayesoma ndiye "mimi". Mtoto wa chekechea angeliona hilo. Na faili lake nimelifuta mimi, kwa usafi wangu.

Jumatatu mfumo unaanza kusambazwa. Maelfu ya mashine. Kila anayeionea uchungu mali yake atabonyeza YANGU—na ndiye atakayeipoteza!

Nimemwandikia Marguerite, mbele ya wafungashaji wote, nikamwomba afungue mlango. Kajibu papo hapo: swali lile ulimjaribishia nani? Nikasema nililijaribu mwenyewe. Kasema alijua tu. Halafu kataka niandike kwenye ombi, wazi, kosa ni la nani.

Nimeandika: langu.

Nimelitazama. Nimelifuta. Nimeandika: la Arvo Lehtinen, mfungashaji.

Bado hajajibu. Darlene anapiga tena.