Chumba Nilichokichagua kwa Tumbo

Mama, shikamoo. Baba na wote hapo Tarime nawasalimu kutoka Homa Bay.

Usinune. Kazi yangu ya kwanza ya kufundisha Kiingereza nimeichukua shule ya pembeni mwa mji, siyo ile ya karibu na stendi uliyoniombea. Kule stendi walinihoji bila hata kunipa maji. Huku, mwalimu mkuu alinipeleka kwa Mama Akinyi anayepangisha. Nikaomba kuona chumba, akaniwekea ugali na sato mzima.

"Kula kwanza, mwalimu. Nyumba haiendi mahali."

Nikala, nikashukuru. Kumbe na jirani yake alikuwa ameshasonga ugali, nikaitwa nikala na huko! Hapa mgeni wa mmoja ni mgeni wa wote. Niliporudi kwa Mama Akinyi nilikuta chai na mandazi. Nikakaa, nikashindwa kunyanyuka.

"Basi mama, nahamia hapa hapa," nikasema. Chumba chenyewe sikuwa nimekiona.

Ule unga wa muhogo ulionifungia nisife njaa ugenini haujaguswa. Mama Akinyi anasema tukuwekee wewe. Njoo mama, ila ukifika Migori usinunue hata andazi.

Mwanao aliyenenepa,
Bhoke