Msamaha Alioubeba Masunga Hadi Songea

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka mayu. Natumaini miguu imepungua kuuma na pamba mmemaliza kuchuma huko kijijini Sapiwi. Mimi mzima, ila baridi ya huku Songea inanitesa; nashona sare za shule hadi vidole vinakufa ganzi. Sikupiga simu kwa kuwa simu anayo mjomba, na mjomba ameshakuwa wakili wa Masunga.

Ndiyo, najua ametoka jela. Alinifuata hapa dukani Jumanne, shati jipya, kichwa juu, kama aliyetoka kuhiji. Akatoa karatasi ya kuachiwa, ameivisha plastiki kama cheti.

"Shemeji, Rais amenisamehe," akasema. "Mwambie mama anirudishie mke wangu."

Mke wake! Doto, pacha wangu, aliyekatwa naye panga kisa ugali ulichelewa.

"Kwani aliyekatwa ni Rais?" nikamuuliza.

Akacheka, akadhani namtania. Akaanza kunisimulia mateso yake: chawa, uji usio na sukari, kulala wamebanana. Jina la Doto hakulitaja. Nikamkatiza.

"Masunga, ulimkata mkono upi?"

Akaitazama mikono yake mwenyewe, huu na huu.

"Wa kushoto," akasema. "Nadhani."

Nadhani, mayu! Mkono wa kulia wa mwanao haushiki hata kijiko, na mwenye panga anabahatisha! Mafundi wenzangu waliacha cherehani wakamkodolea macho. Sikupiga kelele. Nilimwonyesha njia ya stendi, nikarudi kwenye sketi yangu.

Sasa nasikia mjomba anataka mchinje mbuzi, mzee wa kanisa aombe, yaishe. Yaishe kwa nani? Serikali imemsamehe kifungo, na kifungo kilikuwa chake. Mkono haukuwa wa serikali, wala wa mjomba, wala wako, mayu, uniwie radhi. Doto mlimuuliza?

Nisalimie shangazi mfinyanzi na kaka anayechunga ng'ombe. Mjomba msimpe salamu yangu.

Barua hii nimeagiza apewe Doto akusomee. Doto, pacha wangu, ukifika hapa acha kusoma. Inua macho, mwambie mama unachotaka wewe. Ukisema utamrudia, nitanyamaza. Akisema hapana, mayu, funga mlango.

Mwanao,
Kulwa