Sekesai, Ndege Hawajaja Shambani

Mwaka umetimia, Sekesai, tangu tulipokuzika nyuma ya ghala, mtama ukiwa unakomaa. Agosti hii ilikuwa tukupikie pombe, tuiite roho yako itoke porini irudi nyumbani.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kituo cha utafiti na kwenda moja kwa moja shambani, hata chai hujanywa. Ulikung'uta suke juu ya kitambaa chako cheusi, ukaitazama chavua kama mama anayepima homa ya mtoto. Ulituambia kwamba ndani ya kila chembe kuna protini zinazopokezana habari, mpaka jeni zijue ipi iamke na ipi ilale.

"Kumbe chavua nayo ina simu?" baba mkwe wako alikutania.

"Inayo, Baba. Joto likizidi, mtandao unakatika. Suke litasimama zuri, ndani hamna kitu."

Tulicheka sana. Wewe ulicheka kidogo tu.

Ulikuwa na masuke yako machache ambayo chavua yake ilistahimili joto, uliyoyachagua msimu baada ya msimu. Uliyafunga uzi mwekundu, ukayatundika jikoni juu ya moshi, mahali pa mbegu. Siku ya msiba watu walijaa, unga ukaisha, na shangazi Ratidzo akayashusha akayatwanga.

"Waliokuja kumzika mwenzetu hawalali njaa," alisema. Nani angembishia? Wageni walishiba, wakakusifu. Ule uzi tuliuona majivuni baada ya matanga.

Tukapanda mbegu ya siku zote. Joto la mwaka huu limeikuta ikichanua. Masuke yamesimama wima na majirani wanatupongeza. Mwanao Anesu alifurahi kwamba hana kazi ya kufukuza ndege. Ni jana tu mzee, baba mkwe wako, alipouliza, "Hivi kwa nini hawaji?" Akasugua suke kiganjani, yakatoka makapi matupu.

Pombe ya kukurudisha haipikwi kwa nafaka ya kununua. Mzee hataki hata kulisikia hilo. Basi utakaa nje msimu mwingine, Mama Anesu, na tunaogopa.

Unakumbukwa na mumeo Fungai, mwanao Anesu, baba mkwe wako Mzee Togarepi, na shangazi Ratidzo, ambaye tangu jana hajaingia jikoni.

Hatutakusahau kamwe, Sekesai. Nawe tunakuomba, usitukumbuke kwa ubaya.