Ngedere Mtegoni, Mkwe na Panga

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku kijijini Likunja hatujambo. Bibi yako mzima, ila meno yamemhama. Usimwambie nimeliandika hilo.

Unasema wenzako wanakucheka kwa kupenda kitabu ambacho mashujaa wake ni wanyama, ati ni cha watoto. Sikiliza basi.

Zamani za Wazungu wa karanga, wale waliokuja kuilima kwa matrekta, nilirudi kutoka Nachingwea na kitabu cha safari za ngedere shujaa. Watu wakikung'uta ufuta, mimi nawasomea. Siku moja akatokea baba yake bibi yako, panga mkononi. Ngedere walikuwa wamemmalizia mahindi, na posa yangu iko kwake.

"Wewe kijana, unawasifu wezi wangu? Huyo ngedere wako asipokufa leo, binti yangu humpati!"

Jasho likanitoka, maana mwisho sikuujua hata mimi. Nikasoma. Ngedere kanasa mtegoni, mbwa wanakuja, mwanawe analia juu ya mti. Ufuta ukaachwa.

"Kata kamba, mpumbavu wewe!" Nikainua macho: ni mzee mwenyewe, panga juu. "Kata, mbwa hao!"

Ngedere akaikata, akaponyoka. Mzee akashusha pumzi, akanikazia macho.

"Unangoja nini? Soma!"

Kesho yake nilimkuta shambani anawatupia ngedere mawe.

"Hawa hawamo kitabuni," akasema.

Nawe wasomee wenzako mpaka mbwa wa kitabu chako wakaribie, halafu funga kitabu ukanywe maji.

Babu yako, aliyeozeshwa na ngedere.