Jiwe la Kunolea la Babu Usumani

Jumanne, 25 Februari 1992

Nimefika Gahanga. Shule imefungwa wiki mbili, homa ya matumbo imeingia bwenini. Mama hakutaka nikae nyumbani Biryogo nikisoma kitandani mchana kutwa. Amesema, nenda kwa babu yako, wazee wale wanapanda juu ya paa peke yao.

Kweli! Nimemkuta Babu Usumani juu ya paa, peku, miaka sitini na minane, anabadilisha vigae vilivyovunjika kabla ya masika. Bibi yuko chini, anashika ngazi na kugomba. Anasema Babu akianguka hatamwita daktari, atawaita moja kwa moja wachimba kaburi. Babu amecheka mpaka kigae kimemponyoka. Vilikuwa vimevunjika vinne, sasa ni vitano.

Nimekuja na kamusi ya Kifaransa. Nimefika herufi M.

Jumatano, 26 Februari

Vigae. Tundu la pipa la maji – tumeliziba kwa lami. Bawaba ya banda la kuku. Mguu wa meza. Sikujua nyumba ndogo inaweza kuwa na magonjwa mengi hivi! Babu alikuwa fundi cherehani kule Muhima miaka thelathini na moja, na bado anaongea kama fundi. Anasema nyumba ni kama suruali, inachanika pale inapokaliwa sana.

Alasiri wanapumzika. Bibi anakunja miguu kwenye mkeka na chai ya tangawizi. Babu anakaa kwenye benchi chini ya mparachichi, anacheza bao la igisoro na Nzeyimana, jirani wa bondeni, ambaye pia ni nyumbakumi wetu. Kete wanaziita ng'ombe. Nzeyimana anapiga kelele kama yuko mnadani:

"Muzee, leo nakula ng'ombe yako yote! Unabaki na zizi!"

"Kula polepole, utapaliwa," anasema Babu.

Mimi nimesalimia na kukimbilia ndani. Watu wakinitazama maneno yananikauka mdomoni. Nzeyimana ameniita Profesa.

Ijumaa, 28 Februari

Leo Babu amenionyesha kitu anachokipenda kuliko vyote. Macho yalipomshinda aliuza kichwa cha cherehani yake, akabaki na miguu ya chuma, pedali na gurudumu. Juu yake amefunga jiwe la kunolea! Unakanyaga, mkanda wa ngozi unavuta, jiwe linazunguka. Kilima kizima kinaleta majembe hapa kabla ya mvua. Hawalipi. Mmoja anaacha mkungu wa ndizi, mwingine maharage, mwingine stori tu. Babu anasema stori ndiyo anayoihitaji zaidi.

Amenifundisha kukanyaga. Goti lake linauma siku hizi. Bibi hataki hata kulisogelea jiwe.

Jumapili, 1 Machi

Kabagwira amekuja, mdogo wake Bibi. Anakaa ng'ambo ya Nyabarongo, upande wa Bugesera. Ametoka misa na kikapu cha viazi vitamu. Yeye ni Mkatoliki. Bibi alisilimu alipoolewa, lakini wakikaa pamoja huwezi kujua nani ni nani. Wanacheka hivyo hivyo, mkono mdomoni.

Bibi amemuuliza habari za huko. Amesema siku hizi mikutano ni mingi kuliko maharage. Kisha amesema watu wengine hawalali tena majumbani mwao. Babu ameuliza kama viazi ni vya shamba la juu au la chini.

Jumanne, 3 Machi

Redio imesoma karatasi. Eti kuna watu wanapanga kuua wengine, na hao wanaopanga ni Watutsi. Wameisoma tena baadaye. Na tena. Babu amezima, akaenda kurekebisha mfereji wa paa. Mfereji haukuwa na kasoro.

Bibi ametoa kitambulisho chake kwenye sanduku, akakitazama, akakirudisha chini ya kanga. Chake kimeandikwa Mtutsi. Cha Babu Mhutu. Mimi nina miaka kumi na mitano, sina bado. Nitaandikwa kabila la Baba. Sikuwahi kulifikiria jambo hili hata dakika moja.

Nzeyimana hakuja kucheza.

Jumatano, 4 Machi

Nzeyimana amekuja asubuhi, na wanaume sita, na gunia. Ndani mapanga. Mapya! Bado yana mafuta ya dukani. Amesema ni ya kufyeka magugu kando ya mto, umuganda, kazi ya pamoja ya kilima.

Babu amesema, umuganda Jumatano? Tangu lini kazi ya Jumamosi imehamia Jumatano?

"Order ya juu, muzee. Sisi tunatii tu."

Babu amekaa. Nimekanyaga mimi, kwa ajili ya goti lake. Yeye anashika panga, mimi nakanyaga, cheche zinaruka. Tumefanya hivyo mpaka adhuhuri. Wanaume wamekaa kivulini wanakunywa uji wa mtama wa Bibi na kusifu. Mmoja amesema hajawahi kuona msichana anafanya kazi kama hiyo. Nzeyimana amesema:

"Huyu mutoto iko na mguu ya fundi!"

Nilifurahi. Naandika ilivyokuwa: nilifurahi sana.

Alhamisi, 5 Machi

Moshi. Ng'ambo ya mto. Si mmoja – nimehesabu kumi na tatu, halafu imeungana ikawa mmoja.

Bibi amesimama kwenye uzio wa miti ya miyenzi tangu alfajiri. Nimemuuliza kama ule wa kushoto ni kwa kina Kabagwira.

Watu wanapita barabarani na magodoro, na mbuzi, na watoto mgongoni. Mwanamke mmoja ameomba maji. Amekunywa makopo matatu. Babu amemuuliza ni nini kimetokea. Amesema walikuja usiku na mapanga. Wengine wa kule kule, wengine wamevuka daraja kutoka huku. Akasema asante kwa maji, akaondoka. Alikuwa na kiatu kimoja.

Babu ameenda kwenye jiwe. Amelipitishia kidole. Kisha amekaa kwenye benchi mpaka jioni bila kete, bila redio, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Magharibi tumeuona mwezi wa Ramadhani. Mwembamba. Kila mwaka Babu anatupongeza. Leo amesema tu, basi kesho tunafunga.

Ijumaa, 6 Machi

Saumu ya kwanza. Babu hakwenda mjini kusali Ijumaa. Sijawahi kuona akikosa.

Baada ya daku nilikuwa nasoma karibu na jiko. Babu ameingia na mkanda wa ngozi wa lile jiwe. Ameukata kwa mkasi wake wa kazi, vipande vifupi, taratibu, kama anakata kitambaa cha mteja. Akavitia motoni kimoja kimoja. Ngozi inanuka vibaya ikiungua. Ameniona ninamwona. Ameniwekea mkono kichwani akatoka.

Saa nne Nzeyimana na gunia. Safari hii si mapya. Sikutaka kutazama, nikatazama moja. Sitaandika.

Babu amesema, samahani jirani, mkanda umeoza, umekatika wenyewe.

Nzeyimana amelitazama jiwe, akamtazama Babu. Akasema, pole sana muzee, basi wewe upumzike. Akaweka gunia chini ya mparachichi, akatoa ubao wa igisoro! Wamecheza. Babu amefungwa mara tatu. Nzeyimana alikuwa anapiga kelele zile zile za ng'ombe na zizi. Ameosha mikono kwa maji ya pipa letu kabla ya kuondoka.

Jumamosi, 7 Machi

Nimekosea. Sijui niandikeje.

Babu alikuwa amelala, saumu na goti. Bibi alikuwa barabarani anawauliza wapita njia kama wamemwona Kabagwira. Mimi niko mlangoni na kamusi. Nzeyimana amekuja peke yake. Amechuchumaa mbele yangu, kwa upole, kama mwalimu.

"Profesa. Nyinyi Waislamu mukifunga, hamusemi uongo. Si ndiyo?"

Nimesema ndiyo.

"Bon. Niambie. Ule mukanda ulikatika wenyewe?"

Ningesema ndiyo tena. Neno lile lile! Lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilifikiria saumu yangu. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani anasema mwenye kufunga akadanganya, amebaki na njaa tu. Nikafikiria hilo – hilo tu, kama mtoto wa miaka sita. Nikanyamaza. Halafu, sijui kwa nini, macho yangu yakaenda kwenye jiko.

Ameangalia jiko. Akacheka kidogo.

"Mutoto muzuri," amesema. Akanipiga begani, akaenda.

Sijamwambia mtu.

Jumapili, 8 Machi

Nimewaambia. Ilibidi, kwa sababu Nzeyimana amerudi asubuhi na daftari. Amesema anaandika watu wa kila nyumba. Babu amempa vitambulisho viwili. Kile cha Babu amemrudishia papo hapo, cha muzee si lazima. Cha Bibi amekitia kwenye mfuko wa shati akaufunga kifungo. Amesema atakirudisha kesho, kazi ikiisha.

Kazi gani, Babu ameuliza.

"Muzee, unajua."

Alipoondoka nikasema yote. Nilitegemea Babu anipige. Hajawahi kunipiga. Nilitamani leo anipige. Ameuliza tu, uliogopa? Nikasema hapana, nilikuwa nimefunga. Bibi ndiye aliyeongea.

"Ungesema tu ndiyo, mwanangu. Neno dogo hivyo."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha kuchambua.

Kwenda Biryogo haiwezekani. Kuna kizuizi barabarani, na Bibi hana kitambulisho. Babu amesema nipite mimi peke yangu, mtoto hawatamuuliza. Nimekataa. Ni mara ya kwanza namkatalia Babu. Na Bibi hata angekuwa nacho hataki kutoka – anasema Kabagwira akija akikuta mlango umefungwa atakwenda wapi?

Jioni Babu ametengeneza komeo la mlango. Amelipaka mafuta, amekaza skrubu. Linafunga vizuri sana. Amelifunga na kulifungua mara nyingi, halafu ameliacha wazi.

Jumatatu, 9 Machi

Wamekuja baada ya adhuhuri. Watano. Nzeyimana ana ngozi ya ng'ombe, ameikata mwenyewe, upana sawasawa, ameishona ncha kwa waya. Mtu angesema amefanya kazi hii maisha yake yote. Ameufunga mkanda kwenye gurudumu bila kuuliza. Babu alikuwa anatoka na kiti; Nzeyimana amempokea kiti, akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi lake.

"Wewe iko na saumu, muzee. Usichoke. Pumzika. Mutoto atakanyaga, yeye ndiye iko na mguu."

Bibi alisimama mlangoni pa jiko. Nzeyimana hakumtazama. Amegusa tu mfuko wa shati lake, pale kwenye kifungo, kama mtu anayehakikisha kalamu yake bado ipo.

Wote walinigeukia mimi.

Nimesema sijasali. Nimesema nikasali kwanza ndipo nije. Nzeyimana amesema vizuri, Mungu kwanza, tunangoja.

Nilikwisha sali. Nilisali na Babu mapema, wote wawili kwenye mkeka mmoja. Niko chini ya dirisha na daftari hili. Kumbe ni rahisi hivi. Mdomo haukukauka hata kidogo.

Bibi ameingia, amefunga mlango wa chumba nyuma yake. Amenong'ona nitoke kwa nyuma, nipite shamba la mihogo, nishuke hadi kwa rafiki yake Uwera, yeye atanificha. Nimemuuliza, na wewe? Amesema, mimi niko kwangu. Nimemuuliza kitambulisho. Amesema karatasi ni karatasi. Ametoka tena ili wamwone, wasije wakanitafuta.

Nikikimbia watasema nini kwa Bibi? Nikienda kukanyaga, yale mapanga yanakwenda wapi leo? Moshi wa jana ulikuwa karibu zaidi na mto. Kabagwira hajafika. Nimejaribu kufikiria kama hesabu, na haitoki. Pande zote mbili inatoka mtu.

Nawasikia. Mmoja amechoka kungoja, anajaribu kukanyaga mwenyewe. Wenzake wanamcheka. Asiyezoea pedali ya cherehani hulirudisha gurudumu nyuma kila mara, na mkanda unachomoka. Umechomoka. Wamerudisha. Umechomoka tena. Mwingine anajaribu – huyo ndiye mbaya zaidi. Wanacheka kama wako harusini! Nzeyimana anasema waache kuharibu chombo cha muzee.

"Profesa! Hiyo sala ni ya mwezi mzima?"

Dirisha la nyuma lina nondo moja imelegea. Natosha kupita.

"Profesa!"

Wamenyamaza.

Kwa nini wamenyamaza?

Benchi limelia. Sauti ya viatu vya Babu, ule mguu mmoja anaouburuta. Bibi amesema jina lake. Si Babu, si Muzee – Usumani.

Jiwe linazunguka. Polepole, halafu kwa kasi. Halirudi nyuma. Mkanda hauchomoki. Sasa chuma kimeligusa. Wanaojua kulikanyaga ni wawili tu, na mimi niko hapa.