Kwako Augustine Khaemba, Mpiga Gitaa wa Najma

Mwaka umetimia, Baba Bella, tangu moyo wako usimame ukiwa lindoni Muaither, kando ya Doha. Daktari aliandika hivyo, nasi tulikubali. Kilichotunyima amani ni sanduku la vitu vyako.

Ulilinda lango la watu siku sita kwa wiki. Ijumaa ulipiga muziki wa blues chumbani kwenu mtaa wa Najma, mlango wazi, Wanepali wa chumba cha pili wakija na chai yao. Hukuwa na haraka. Noti moja ya gitaa uliweza kuivuta mpaka mtu aache kula. Na ukitupigia simu, ulimsikiliza Bella kwanza, ndipo sisi wengine tupate zamu.

Sanduku lilifika na nguo, viatu na Biblia. Gitaa halikuwemo.

Nick, uliyeishi naye chumba kimoja miaka minne, aliniambia mimi mkeo, "Shemeji, liliharibika, tukalitupa." Gitaa ulilolifuta kwa shati lako kila siku, litupwe? Nilimuuliza lini. Mara ya kwanza akasema kabla ya msiba. Mara ya pili, baada. Tangu hapo sikumwamini hata akinisalimu.

Mwezi wa nne, dada yako Nafula, nesi kule Al Rayyan, alialikwa harusi ya Wakenya wenzake. Alimkuta Nick jukwaani, gitaa lako kifuani, akiimba wimbo uliomtungia mamako.

"Huu nimeutunga mwenyewe," akawaambia watu.

Nafula alingoja Nick apigiwe makofi. Kisha akasimama. "Tuimbie ubeti wa tatu."

Ni ule wa Kibukusu, unaoutaja Mto Kuywa. Nick alijua beti mbili tu. Akainamisha kichwa. "Dada, nilidhani hakuna atakayeuliza."

Alimkabidhi gitaa palepale. Nafula akauimba ubeti ule bila ala, akalitaja jina lako kwenye maikrofoni.

Nick ameomba msamaha. Bado hatujampa. Usiku na mchana tunajiuliza ni nyimbo zako ngapi zinazoimbwa Doha kwa jina la mtu mwingine, na nani mwingine alijua akanyamaza.

Gitaa liko nyumbani Bungoma. Bella analishika kila akitoka shule. Vidole vinamuuma na hataki kuacha.

Unakumbukwa na mkeo Nasimiyu, binti yako Bella, mamako Nanjala, dada yako Nafula na shemeji yako Arnold.

Hatutakusahau, wala hatutakubali mtu akusahaulishe.